Kura kwanza, maneno baadaye

Mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa akifungua mjadala kwa kusema "mimi naona tumpe," mkopo umeshatoka. Kilichobaki ni kuhesabu noti.

Tuseme wanakikundi 20 wamekaa Kibirizi, Kigoma. Mwenzao wa 21 anaomba shilingi 600,000 anunue dagaa, arejeshe baada ya wiki mbili. Wote wanajua bei imepanda, kwa hiyo hilo linasemwa na wa kwanza, wa pili, wa tano, na kila likirudiwa linazidi kuwa zito. Mmoja tu, aliye karibu na wavuvi, anakumbuka kwamba wiki ijayo mwezi unajaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Kukiwa na mbalamwezi mitumbwi inalala. Ananyamaza, maana jambo asilolijua mwingine halipati wa kuliitikia. Wanasaikolojia Garold Stasser na William Titus walilionyesha hili Marekani mwaka 1985: wanaojadiliana hurudia wanachokijua wote, na cha mmoja hubaki kwake.

Tena mjadala hauwakutanishi watu katikati, kama tunavyopenda kuamini. Mwaka 1969 watafiti Serge Moscovici na Marisa Zavalloni walikuta wanafunzi wa Ufaransa waliokuwa wakimkubali Rais de Gaulle wakizidi kumkubali baada ya kuzungumza. Kikundi chenye hamu ya kukopesha kitazidi kulegea; kilichoumizwa na mdaiwa sugu kitamnyima hata mwenye wadhamini.

Ndiyo maana nasema kura itangulie. Mwombaji atoke nje (si kukaa dirishani). Kila mmoja apewe punje ya mahindi, ndiyo, na ya harage, hapana. Moja aitumbukize kwenye mfuko wa kitambaa, iliyobaki kwenye mfuko wa pili, la sivyo jirani atachungulia kiganja. Kopo la bati halifai: harage likidondoka linasikika.

Mweka hazina amimine mfuko wa kwanza mezani, ahesabu. Zikiwa 14 kwa 6, mwenye shaka ameshajua hayuko peke yake, na hapo ndipo ulimi unapofunguka. Sasa mjadala uanze: kila mtu ataje jambo ambalo halijatajwa, akianza mwanachama mpya, mwenyekiti akimalizia. Kisha kura ya pili.

Katibu aandike hesabu zote mbili. Zikihama kutoka 14 hadi 20 bila jambo jipya kutajwa, mkopo usubiri kikao kijacho.