Manjano Kwenye Rejeta

Gari langu ni la mwaka 1994 na tunaishi kwa kustahiana: mimi silikimbizi, nalo halinidai spea. Siku ya arusi ya Mambrui likaamua kudai.

Nyuma walikuwa shangazi zangu wawili, wamejifukiza udi mpaka viti vinanukia. Shangazi mkubwa alipakata mkoba wa viungo, maana hamwamini mpishi yeyote wa ng'ambo ya mto Sabaki. "Wale hawatii manjano, wanatia rangi," alianza kusema tukitoka Malindi, na tulipovuka daraja alikuwa bado hajamaliza.

Mara mshale wa joto ukaanza kupanda. Mahali pa kuegesha hapakuwapo, kwa hiyo nikazima eisi, yaani kiyoyozi, nikafungua hita mpaka mwisho. Msinicheke. Rejeta ndiyo inayopoza maji ya injini, na hita ni rejeta ndogo: inachota joto la injini na kulimwaga ndani ya gari, na injini ikapata nafuu kidogo. Ila ndani ya gari palikuwa na watu, na ilikuwa saa saba mchana.

"Mwanangu, watuoka?"

"Ni dakika mbili tu, shangazi."

"Wanja umenifika mdomoni!" alilia shangazi mdogo, na nilipochungulia kwenye kioo nikaona hakutia chumvi.

Nikapata mwembe, nikaegesha. Mvuke wenye harufu tamutamu ukatoka, na chini kukawa na kidimbwi cha kijani kilichofifia. Barabara ilikuwa tupu kabisa. Nilipoinua boneti, wakatoka watu.

"Hedi gasketi hiyo," alisema kijana wa bodaboda, hata kwenye pikipiki hajashuka. Hiyo ndiyo inayotenga maji na oili ndani ya injini. Dereva wa tuktuk akakataa: "Themostati! Itoe uitupe. Pwani hii, na joto lote hili, themostati ya nini?" Huo ni ushauri maarufu kwetu na ni mbaya. Themostati ndiyo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, na injini isiyopata joto hula mafuta na kujisaga. Mzee mmoja mwenye bakora naye akaonyesha matone upande wa abiria, "Hapa ndipo!" Nikayagusa: baridi, hayana rangi wala harufu. Yalikuwa maji ya eisi, na hayo hutiririka kila siku ya Mungu kwa unyevu wa huku. Mzee hakuridhika. Akabaki kuyalinda kwa bakora.

Nikachomoa kijiti cha oili. Safi, maji yangeingia humo oili ingegeuka chai ya maziwa. Moshi mweupe nyuma hakuna. Nikainua zulia miguuni pa abiria, kavu, basi hita nayo haina hatia. Hedi ikapona kwa wakati ule, lakini kijana wa bodaboda alinitazama kwa huruma, vile anavyotazamwa mtu asiyetaka kuambiwa ukweli.

Kisha akashika leso ya shangazi akitaka kufungua kifuniko cha rejeta. Nilipiga ukelele mpaka ndege wakaruka mwembeni. Kifuniko kile kinabana maji yasichemke kwa nyuzi 100, yanafika karibu 118. Ukikifungua na moto wake, yote yanalipuka usoni mwako.

Tukangoja. Injini ilipopoa, kuvuja kukakoma kwenyewe. Nikatazama hosi zote, klipu zote, chini ya rejeta: kila kitu kimelowa, maana feni ilikuwa imeyapuliza maji huku na huku, na pa kuanzia hapaonekani. "Limechezewa hili," alinong'ona shangazi mdogo.

Nikamwita fundi wa Mambrui kwa simu, nikaenda nyumba ya jirani kuomba maji. Niliporudi, kifuniko kiko wazi, kijana wa bodaboda anachekacheka, na shangazi mkubwa anakung'uta kijiko.

"Shangazi, umetia nini humo?"

"Manjano. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori. Rejeta ikitoboka, hiyo ndiyo dawa, unga unakwenda kuziba tundu."

Basi. Nikajaza maji, nikaliwasha, tukasimama tukilitazama linavyopata joto.

Fundi alifika, akainama na tochi, kisha akainuka polepole. "Nani katia manjano?"

Kimya. Hata mzee wa bakora aliangalia pembeni.

"Mimi," alisema shangazi, kidevu juu.

"Umenipunguzia kazi, mama. Gereji kubwa hutia rangi ndani ya maji, wakamulika kwa taa maalumu waone panapovuja. Hebu njoo utazame."

Tukainama sote. Chini ya pampu ya maji kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi: sili ya ndani, ile inayozuia maji, ikichoka, maji hutokea hapo ili ujue mapema. Kutoka kitunduni ulishuka mstari wa manjano, mwembamba, ulionyooka, ukaishia kwenye mkanda, na mkanda ndio uliokuwa ukiutawanya kila upande. Injini ikiwa baridi hakuna mgandamizo, na sili ilibana vya kutosha.

"Ila hayajaziba kitu," fundi aliongeza. "Na rejeta isafishwe haraka, unga huu utaziba vile vijibomba vyembamba."

Shangazi alikuwa ameshaondoka kwenda kujitazama kwenye kioo.

Injini ilipopoa tena, fundi akakilegeza kifuniko hatua moja kupunguza mgandamizo, tukatambaa mpaka Mambrui. Pampu ilibadilishwa kesho yake.

Ila tulipofika arusini, pilau haijapakuliwa, tayari chumba kizima cha wanawake kilikuwa kimenyamaza kumsikiliza shangazi mkubwa. Katika masimulizi yake, mafundi wa Malindi wote walikuwa wameshindwa, fundi wa Mambrui alikuwa amemshikia tochi, na mimi nilikuwa "huyu mtoto aliyetaka kutuchoma na hita". Jioni ile binamu wa bibi arusi alinifuata nje, gari lake linagonga upande wa mbele kulia, akauliza kama shangazi yangu ana nafasi kesho.