Yeees, ticha!

Jumapili jioni nilifungua daftari la Baiolojia la mpwa wangu, yuko kidato cha pili shule ya kata. Juu ya maneno magumu ya Kiingereza kaandika kwa penseli namna ya kuyatamka: "fotosinthesisi", "klorofili". Maana hakuna hata mahali pamoja. Nikamuuliza, sasa hapa unaelewa nini? Akacheka. "Mjomba, mi nataka tu nikisimamishwa kusoma nisichekwe."

Huyu sayansi ya darasa la saba aliifaulu vizuri tu, kwa Kiswahili. Kufika sekondari, karibu kila somo Kiingereza. Mjadala wa lugha ya kufundishia una umri kunizidi, sitaumaliza leo. Mimi nawatazama watoto na mbinu zao.

Mwalimu akiuliza kama wameelewa, darasa zima linaitikia "Yeees, ticha!", na mara nyingi anayeivuta ndefu zaidi ndiye aliyetoka kapa. (Mimi nilikuwa bingwa.) Mwingine huomba ruhusa ya chooni kipindi kilekile kila wiki. Mwingine kajigeuza mchekeshaji, maana akichekwa kwa mzaha wake haumii. Mpwa wangu kahamia dawati la nyuma, kajificha mgongoni kwa jamaa mmoja mrefu.

Sisi wakubwa haya yote tunayaita utundu au uvivu, na kwenye ripoti tunaandika "aongeze bidii". Bidii ipi tena? Mtoto amekesha anatafuta matamshi!

Shuleni kwetu enzi hizo ukinaswa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, hukivui mpaka umnase mwenzio. Kiingereza chetu hakikuongezeka. Tulichojua ni kunyamaza na kuchongeana, na nasikia vibao hivyo bado vipo mahali.

Basi nikalifunga lile daftari. Nikamwambia, nieleze kwa Kiswahili jani linajitengenezeaje chakula. Alinishushia usanisinuru wote: mwanga wa jua, maji kutoka mizizini, hewa ya ukaa, umbijani, hadi oksijeni inayotoka. Akachora na jani lenyewe nyuma ya risiti ya luku.

Nikamfungulia tena ule ukurasa wa penseli, nikaweka kidole kwenye "fotosinthesisi".

Akaangalia jani lake, akaangalia daftari. "Kumbe ndiyo hii hii?"