Msitupe kanda za taarabu

Nimesoma makala inayosema maduka ya kanda Tanga yamekufa kwa sababu ya simu. Kabla ya simu walikuja wajaza flashi, wale wa kukunakilia nyimbo kwenye flashi, na hapo ndipo majina yalipopotea: taarabu ya Black Star au Lucky Star, vikundi vya Tanga, ikabaki faili la "07" tu. Inauma.

Wenye kanda majumbani, tafadhali msizitupe. Hewa ya pwani huotesha ukungu. Utaona unga mweupe ukingoni mwa utepe. Kanda hiyo usiipige hivyo hivyo, itachafua hedi (kile kichwa cha redio kinachosoma utepe) na kuambukiza nyingine. Fungua skrubu za kanda, pangusa taratibu kwa brashi laini, nje ya nyumba.

Hedi na rola ya mpira zisafishwe kwa pamba na spiriti, zikauke. Peleka kanda mbele mpaka mwisho, irudishe, ndipo urekodi sauti yake kwenye kompyuta. Sauti ikififia, angalia kile kisponji nyuma ya utepe, mara nyingi gundi imeachia. Hifadhi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa: kanda ya dakika 60 inakula kama MB 600, hivyo flashi ya GB 16 inabeba zaidi ya 20. MP3 ni ya kutumiana WhatsApp tu. Na jina la mwimbaji liandikwe kwenye faili siku hiyohiyo, maandishi ya kava hufutika.