Mkondo wa BMI wa watoto wa Ulaya: unaonyesha nini, unaficha nini

Mtoto wa kiume mwenye BMI (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) ya 18 ana uzito uliozidi au hana? Swali hilo halijibiki mpaka utaje umri. Kwa mipaka ya kimataifa ambayo mtakwimu Mwingereza Tim Cole na wenzake waliichapisha mwaka 2000, akiwa na miaka mitano ameshavuka mstari, kwa kuwa mpaka wake ni 17.4. Akiwa na miaka kumi hana tatizo, maana mpaka umesogea hadi 19.8. Mtu mzima anagawanyiwa kilo zake kwa kipeo cha pili cha urefu wake, inatazamwa kama imefika 25 (uzito uliozidi) au 30 (unene uliokithiri), basi. Kwa mtoto, namba hiyo hiyo haisemi mengi mpaka ujue ameifikia kwa njia gani.

Na njia yenyewe si ya kupanda moja kwa moja. Mtoto wa kawaida huzaliwa na BMI ya karibu 13. Kabla hajatimiza mwaka ameshapaa hadi karibu 17, ule ubonge wa mashavu na mapaja tunaoupenda. Halafu anaanza kutembea, anarefuka, na BMI inashuka polepole hadi karibu 15.5 akiwa na miaka sita hivi. Kuanzia hapo inapanda tena hadi karibu 21 akiwa na miaka 20. Kile kituo cha chini kabisa, kabla ya kupanda upya, ndicho kimewapa watafiti wa Ulaya kazi ya miaka arobaini. Mfaransa Marie-Françoise Rolland-Cachera na wenzake walieleza mwaka 1984 kwamba watoto wanaokifikia mapema, kabla ya miaka mitano na nusu, huelekea kuwa wanene zaidi baadaye kuliko wanaokifikia wakiwa wamechelewa. Kupanda huko upya huitwa mrejeo wa mafuta.

Tangu hapo imezuka kazi kubwa ya kuuchora mkondo huu kwa hisabati. Mradi wa IDEFICS, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya, ulipima watoto 16,228 wa miaka 2 hadi 9 katika nchi nane: Ubelgiji, Cyprus, Estonia, Ujerumani, Hungaria, Italia, Hispania na Sweden. Vipimo vilianza 2007, na baadhi ya watoto hao wakafuatiliwa tena hadi 2014. Tatizo la takwimu za mikondo ya ukuaji linajulikana: mtoto mmoja amepimwa mara kumi, mwingine mara tatu, mmoja akiwa na miezi minne na mwingine akiwa na mwaka na nusu. Modeli ya hisabati inachukua vipimo vyote kwa pamoja, inatafuta mkondo wa jumla, kisha inampa kila mtoto mkondo wake kulingana na anavyotofautiana na wenzake. Hapo mtafiti anaweza kuuliza maswali ambayo kipimo kimoja hakiwezi kuyajibu: kilele cha uchanga kilikuwa na ukubwa gani, kituo cha chini kilifika lini, kasi ya kupanda baada yake ilikuwaje, na hayo yote yanahusianaje na presha au sukari ya mtoto huyo miaka kumi baadaye.

Wanaotetea kazi hii wana hoja nzito, na nitaanza na ile inayonishawishi zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza waliunganisha vipimo vya makundi matano ya watu waliozaliwa 1946, 1958, 1970, 1991 na 2001, jumla ya watu 56,632. Walipochora mikondo yao bega kwa bega waligundua kwamba watoto waliozaliwa baada ya miaka ya 1980 walikuwa na uwezekano mara mbili hadi tatu zaidi wa kuwa na uzito uliozidi kuliko waliozaliwa kabla. Lakini kilichonigusa si wastani. Mstari wa mtoto wa katikati haukusogea sana utotoni. Uliosogea kwa nguvu ni mstari wa juu, wa wale waliokuwa wazito zaidi tangu mwanzo. Anayetazama wastani peke yake angesema hali si mbaya sana. Mkondo wote ulionyesha kwamba watoto wachache wanazidi kuachana na wenzao, na kwamba kuachana huko kunaanza mapema kuliko zamani.

Hoja ya pili inatoka Leipzig. Timu ya huko ilichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa watoto 51,505 waliokuwa wakipimwa na madaktari wao wa kawaida nchini Ujerumani. Karibu asilimia 90 ya waliokuwa na unene uliokithiri wakiwa na miaka mitatu walibaki na uzito uliozidi au unene uliokithiri walipofika ujana. Na walipowafuatilia kwa kurudi nyuma vijana wenye unene uliokithiri, waliona kwamba kasi yao kubwa zaidi ya kuongezeka BMI ilikuwa kati ya miaka 2 na 6, ule umri ambao mwenzao wa kawaida anashuka au ametulia. Yule ndugu anayesema "mwache, atarefuka na uzito utajigawa" ana haki ya kuambiwa hivyo, kwa heshima lakini bila kuficha.

Upande wa pili nao hauongei hewani.

Kuna mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka 2016 yanayosema asilimia 70 hivi ya watu wazima wenye unene uliokithiri hawakuwa na unene huo utotoni wala ujanani. Wakosoaji huiweka takwimu hii mbele ya ile ya Leipzig na kuuliza ipi iaminiwe. Kwa maoni yangu zote mbili. Moja inaanza na mtoto na kutazama mbele: mtoto mnene wa miaka mitatu ana hatari kubwa. Nyingine inaanza na mtu mzima na kutazama nyuma: wengi wa wanene wa leo walikuwa watoto wa kawaida. Maana yake ni kwamba hata modeli bora ikitumika kuwachagua watoto wa kusaidiwa, itawakosa wengi watakaonenepa wakiwa na miaka 30. Anayeuza mkondo wa utotoni kama tiba ya tatizo la nchi nzima anauza zaidi ya alichonacho.

Ukosoaji unaohusu mrejeo wa mafuta ni mkali zaidi. Cole mwenyewe, ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kuchukia hisabati, aliandika mwaka 2004 kwamba mrejeo wa mapema hauna siri yoyote ya kibaiolojia ndani yake. Mtoto hufikia kituo cha chini mapema kwa sababu BMI yake tayari iko juu ya wenzake, au kwa sababu anapanda kutoka mstari mmoja wa chati ya ukuaji kwenda mstari wa juu yake. Kupanda huko ndiko kwenye habari. Zaidi ya hapo, kituo cha chini hakijulikani mtoto akiwa amekifikia. Kinajulikana mwaka mmoja au miwili baadaye, vipimo vikishapanda na mtu akaweza kurudi nyuma na kusema "kumbe ilikuwa pale". Kama dalili ya kumsaidia daktari kumshauri mzazi, inachelewa. Vipimo viwili vilivyopishana mwaka, vikilinganishwa na chati, vinampa habari ile ile akiwa bado na muda.

Hata hivyo sikubali kwamba umri wa mrejeo utupwe kabisa, na sababu yangu ni utafiti wa Helsinki, Finland. Watu 8,760 waliozaliwa kati ya 1934 na 1944 walikuwa wamepimwa utotoni na kadi zao zikahifadhiwa. Waliofikia kituo cha chini kabla ya miaka mitano, asilimia 8.6 yao walikuja kupata kisukari cha aina ya pili. Waliokifikia baada ya miaka saba, asilimia 1.8 tu. Na waliowahi hawakuwa watoto wabonge. Walikuwa wameongezeka uzito kidogo mno katika mwaka wa kwanza. Walianza wakiwa wembamba, kisha wakapanda haraka.

Huo ni ugunduzi ambao kipimo kimoja kisingeutoa hata kingerudiwa kwa watoto milioni. Daktari anayemwona mtoto huyo akiwa na mwaka mmoja atasema ni mwembamba. Anayemwona akiwa na miaka saba atasema yuko kawaida. Hatari iko katika mwendo wa kutoka pale hadi hapa. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wataelewa kwa nini jambo hili linaniuma: kliniki zetu zina watoto wengi wanaoanza wembamba, na tunashangilia kila gramu wanayoongeza, kwa sababu nzuri kabisa. Watoto wa Helsinki ya vita na umaskini si watoto wa Dodoma ya leo, na sitaki mtu yeyote amnyime mtoto chakula kwa kusoma makala hii. Nasema tu kwamba kasi ya kufidia nayo inafaa kuangaliwa.

Kuna pingamizi jingine ambalo hisabati haiwezi kulikwepa: BMI haipimi mafuta. Inajumlisha mafuta, misuli, mifupa na maji, na mgao wake hubadilika kwa umri. Mvulana anayebalehe BMI yake inapanda kwa sehemu kubwa kwa sababu anaongeza misuli. Modeli ikichora mpando huo vizuri, imechora vizuri kitu ambacho sicho tulichokuwa tunakitafuta. Na mgao huo hutofautiana pia kwa asili. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2017 ulilinganisha BMI na mafuta halisi ya mwili, ukaona kwamba kwa watoto weusi wenye asili ya Afrika BMI huonyesha unene zaidi kuliko uliopo, na kwa watoto wenye asili ya Asia Kusini huonyesha pungufu. Mzazi Mswahili wa London au Birmingham anayepokea barua kwamba mwanawe ana uzito uliozidi anaweza kuwa amepewa hukumu ambayo kipimo cha mafuta kisingeitoa. Jirani yake mwenye asili ya Gujarat anaweza kuwa ameambiwa mtoto hana shida, kumbe anayo.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, vinavyotumika kwa watoto chini ya miaka mitano, vilijaribu kulikabili suala la asili kwa kuwapima watoto wa Pelotas (Brazil), Accra (Ghana), Delhi (India), Oslo (Norway), Muscat (Oman) na Davis (Marekani) waliolelewa katika mazingira mazuri. Vilionyesha kwamba katika umri huo watoto hao walirefuka kwa namna inayofanana sana. Lakini kufanana kwa urefu si kufanana kwa mafuta.

Sasa, tukijua mkondo, tunaufanyia nini? Hapa watetezi wana swali la kujibu. IDEFICS haikuishia kupima. Ilijaribu pia kubadili ulaji, michezo na usingizi wa watoto kupitia shule na familia. Kwa jumla haikufaulu kupunguza uzito uliozidi. Miaka kadhaa baadaye Uingereza ilipata jaribio ambalo hakuna aliyelitaka. Katika upimaji wa shule za England, unene uliokithiri kwa watoto wa miaka 4 na 5 ulikuwa asilimia 9.9 mwaka wa shule 2019/20, ukaruka hadi 14.4 mwaka uliofuata wa korona, kisha ukarudi 10.1. Urithi wa damu haubadiliki kwa mwaka mmoja, wala malezi ya taifa zima hayaharibiki na kutengemaa kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni shule kufungwa, viwanja kufungwa, na chakula cha nyumbani. Ulinganisho wa waliozaliwa 1946, 1958, 1970 na 2001 unaelekea huko huko: zamani watoto wa tabaka la chini Uingereza ndio waliokuwa wepesi zaidi, na kwa waliozaliwa 2001 mambo yamegeuka, wao ndio wazito zaidi. Umaskini ni ule ule; kilicho rahisi kununua ndicho kimebadilika.

Kwa hiyo naipima mizani hivi. Modeli za BMI ni chombo bora cha kulisomea kundi, kizazi na athari ya sera, na fedha zinazotumika kuzijenga hazipotei bure. Kama hukumu juu ya mtoto mmoja ni dhaifu, na zikipewa umri wa mrejeo kama tarehe ya hatari zinakuwa dhaifu zaidi. Mtoto aliyepimwa mara mbili tu, sehemu kubwa ya mkondo wake umejazwa na modeli kutoka kwa wenzake. Kumwonyesha mama mstari huo kana kwamba ni wa mwanawe si haki.

Ila kuna jambo moja ambalo ushahidi wa Leipzig unalidai sasa hivi, bila kusubiri modeli mpya. Ujerumani ina ratiba ya uchunguzi kwa kila mtoto akiwa na miaka 2, 3, 4 na 5, na vipimo vinaandikwa kwenye kitabu cha manjano ambacho mzazi anakaa nacho. England upimaji wa shule unafanyika mtoto akiwa na miaka 4 au 5, kisha akiwa na 10 au 11. Kipimo cha kwanza kinakuja dirisha la miaka 2 hadi 6 likiwa limekaribia kufungwa, na cha pili kinakuja baada ya miaka sita. Barua inayotumwa nyumbani inataja uzito wa siku ile moja. Kuongeza kipimo akiwa na miaka mitatu, na kumwambia mzazi mtoto amesogea kiasi gani tangu kilichotangulia badala ya kumpachika jina, kunahitaji mizani, kipimo cha urefu na mtu wa kuandika.