Hiyo "cheza kwa kiasi" inamsaidia nani?

Kuna makala nimesoma kuhusu kubeti, mwandishi wake anasema ni swala la mtu kujizuia tu, mi hapo nakataa. Madaktari wa magonjwa ya akili Marekani tangu 2013 walishaiweka kamari kundi moja na ulevi na madawa ya kulevya, sasa mlevi unamwambiaje ajizuie huku kila akishika simu anapewa chupa ya bure? Maana hizo bonasi za "beti ya kwanza bure" ndo chupa yenyewe. Mi nilikaa miezi minne sijabeti, nikafuta apu na kila kitu, kampuni ya kubeti wakaanza kunitumia meseji usiku wa mechi eti "tumekumisi", nikarudi, mkeka (beti moja yenye mechi nyingi) ukachanika kwa timu moja tu, na hiyo timu moja ndo inayomaliza watu jamani, unajiona ulikaribia kumbe hukukaribia popote, kesho unaweka tena. Italia walipitisha sheria ya kupiga marufuku matangazo ya kamari 2018 na mpira wao unachezwa kama kawaida. Alafu hayo maandishi ya "cheza kwa kiasi" yanawekwa chini kabisa ya tangazo, madogo kama sisimizi, hata ukivaa miwani huyaoni.