Kaboni ya Bungoma si fidia ya Budalang'i

Mto Nzoia hupokea maji ya Mlima Elgon na vilima vya Cherang'any, ukapita Trans Nzoia, Bungoma na Kakamega, kisha ukaingia Ziwa Victoria huko Budalang'i, Busia. Mvua kubwa ikinyesha juu, mto hushuka na udongo wa watu. Kwa mkulima wa Bungoma huo ni rutuba iliyokwenda na maji. Kwa mkazi wa Budalang'i ni tope linalojaza mkondo hadi kingo zishindwe. Na taabu ya bondeni ilizidi pale ziwa lenyewe lilipopanda. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalivunja rekodi ya mwaka 1964, na mto unaokuta ziwa limejaa hauna pa kwenda ila mashambani na majumbani.

Naanza na mto huu kwa sababu unaunganisha makundi mawili ambayo mikutano ya tabianchi huyatia kapu moja. Juu wako watu wanaoombwa wauze kaboni, yaani walipwe kwa hewa ukaa ambayo udongo na miti yao huishika isibaki angani. Chini wako watu wanaodai fidia ya hasara ya mafuriko. Pesa za wote wawili huitwa "fedha za tabianchi", na mimi naona kosa linaanzia kwenye jina hilo.

Tutazame kwanza huku juu. Magharibi mwa Kenya ndiko ulikofanyika mmoja wa miradi ya mwanzo ya kuuza kaboni inayohifadhiwa na udongo wa mashamba madogo. Shirika la Uswidi la Vi Agroforestry liliwafundisha wakulima kutumia mboji na samadi, kutochoma mabua, kuchimba matuta na kupanda miti kati ya mazao. Mnunuzi alikuwa mfuko wa Benki ya Dunia. Mwaka 2014 zilitolewa hati za kwanza za kuuzia kaboni hiyo, za tani 24,788 za hewa ukaa. (Wengine husema "mikopo ya kaboni", jina linalopotosha, kwani hapo hakuna anayekopa, ni kuuza na kununua.)

Mradi ulilenga wakulima wapatao 60,000. Hata ukizigawa tani hizo kwa nusu yao tu, hakuna anayefikisha tani moja. Tuseme leo tani inauzwa dola 5: hizo ni kama shilingi 650, kabla ya kulipa wapimaji na wakaguzi. Haziwezi kumlipia mtoto karo. Anayekuja kwenye baraza kuwaambia watu kwamba kaboni itawatajirisha anawadanganya wenye robo ekari.

Lakini wanaotetea miradi hii wana hoja nzito, na sitaipuuza. Faida ya mkulima haimo kwenye hati, imo shambani. Udongo wenye mboji hushika maji wakati mvua inapokatika. Kaliandra, mti mdogo wa malisho, hulishwa ng'ombe wa maziwa. Kayongo, lile gugu linalonyonya mahindi, hustawi zaidi pale udongo ulipochoka. Maafisa wa kilimo wa serikali ni wachache mno, na wakulima wengi huvuna msimu baada ya msimu bila kumwona hata mmoja. Ikiwa pesa za kaboni ndizo zinazomlipa mwalimu wa kilimo afike kijijini, basi zina kazi ya maana. Tena zimefika, ilhali ahadi nyingine zimesuasua: dola bilioni 100 kwa mwaka za kusaidia nchi maskini, ambazo nchi tajiri ziliahidi kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009 zitimie kufikia 2020, zilitimia kwa mara ya kwanza mwaka 2022, tena kwa hesabu za nchi hizo zenyewe, na sehemu kubwa ikiwa mikopo ya kulipwa.

Wasiwasi wangu uko kwenye mkataba. Kaboni ya udongo si dhahabu ya kufungiwa sandukuni. Shamba likilimwa vibaya misimu michache, inarudi angani. Kwa hiyo mnunuzi hutaka ahadi ya miaka mingi, na familia inayogawia wana wake ardhi inafunga mikono ya watakaorithi. Sheria ya mwaka 2023 iliyorekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi iliweka asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi, baada ya gharama, iende kwa jamii. Hatua nzuri. Ila makubaliano ya kugawana mapato hayo na jamii yanahusu ardhi ya umma na ya jamii. Huku kwetu shamba ni la mtu binafsi, kwa hati yake au ya marehemu baba yake. Mkulima huyo ana kikundi chake tu cha kumsaidia kupatana bei na kampuni yenye mawakili.

Na huku chini? Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuwasaidia walioumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, ukaanzishwa rasmi Dubai mwaka uliofuata, na ahadi za Dubai zote hazikufika dola bilioni 1 kwa dunia nzima. Machi 2025 Marekani ikajitoa kwenye bodi yake. Hoja ya nchi tajiri ni kwamba hakuna bajeti ya umma inayoweza kubeba gharama hizi peke yake, hivyo soko lazima lisaidie. Inaeleweka kwa mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, ambayo huuza umeme na kurudisha mtaji. Nyumba iliyozama Budalang'i haina cha kumuuzia mwekezaji. Na kiwanda kikinunua tani ya Bungoma, hakijalipa deni lolote huko. Kimenunua ruhusa ya kuendelea kutoa moshi wa tani hiyo.

Mkutano wa tabianchi wa Afrika uliofanyika Nairobi Septemba 2023 ulizungumzia sana masoko ya kaboni, ingawa azimio lake pia lilidai kodi ya dunia kwa biashara ya mafuta, meli na ndege. Dai hilo la pili ndilo ningependa wajumbe wetu kwenye mikutano ya tabianchi walishikilie, kwa sababu linamtoza anayechafua bila kumgusa mkulima. Na warudipo, watusomee hesabu kwa safu mbili: tulichouza na bei yake, kisha fidia tuliyopewa na shilingi ngapi zilizofika Budalang'i.