Silikanti simjui, namjua pono

Kabla ya habari za bahari niseme kwanza ya mama yangu. Nilimpigia simu jioni moja nikamwambia, "Mama, Jumamosi nakwenda kuzamia." Kimya. Halafu nikamsikia anamwita mjomba kwa sauti ya msiba. Kosa langu. Mimi ni mtoto wa Tanga, mji wa bandari, na kuzamia kwetu maana yake ni kujificha ndani ya meli ya mizigo ukaibukie Durban au Ugiriki. Ilinichukua nusu saa kumweleza kwamba nitapiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni, na kwamba kabla ya magharibi nitakuwa nyumbani.

"Unakwenda kutafuta nini huko chini?"

"Kutazama tu, mama."

Hilo likamtisha zaidi.

Nina miaka 34, na hadi natimiza 32 nilikuwa sijui kuogelea. Nimekulia Ngamiani, upepo wa bahari nimeunusa kila siku, lakini maji hayajawahi kunipita magotini. Wanawake wa kwetu bahari yetu ni ile ya maji kupwa: bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, likitoa mwamba, shangazi zangu walikunja kanga wakaenda kutafuta pweza kwenye mashimo, na maji yakianza kujaa wanarudi. Ng'ambo ya pale ni mambo ya wanaume na majini.

Basi nikajifunza kuogelea Raskazone, nikinywa maji ya chumvi mbele ya watoto wa darasa la tatu waliokuwa wananicheka bila kificho. Mwaka uliofuata tukachanga watu wanne tukamleta mwalimu wa kupiga mbizi kutoka Unguja. Gharama nisiifiche: ilizidi kodi ya chumba changu ya miezi kadhaa. Watu wakiniambia huo ni mchezo wa wazungu, sibishi sana. Bei yenyewe inasema hivyo.

Vifaa vinatisha kuliko bahari. Mtungi, wenye hewa ya kawaida tu hii tunayovuta na si oksijeni tupu kama mtaani wanavyodhani. Regyuleta, ambayo ndiyo ndugu yake ile ya jiko la gesi, inapunguza nguvu ya hewa ya mtungini ili mdomo wako uimudu. Na mkanda wa risasi. Mjomba aliposikia neno risasi akataka kujua tunakwenda kumpiga nani. Ni vipande vya madini ya risasi tu, vya kukushusha, maana mwili na nguo ya mpira vinataka kuelea.

Siku ya kwanza ya bahari yenyewe tulikwenda mwamba ulio nje ya Kisiwa cha Yambe, na mzee mmoja nahodha, rafiki wa marehemu babu yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatazama mitungi, akatazama mbalamwezi iliyokuwa bado haijazama asubuhi ile, akasema, "Leo maji mafu, hayajai wala kupwa sana. Hii ndiyo siku yenu. Msije kuniita siku ya bamvua." Mwalimu alikuwa na jedwali la maji kwenye simu. Akalifungua, akalisoma, akairudisha simu mfukoni bila neno.

Mita mbili za kwanza nilidhani kichwa kinapasuka. Wanaopanda na kushuka Lushoto wanaijua hali hii: basi linateremka kwenda Mombo, masikio yanaziba, unameza mate yanafunguka. Ule mlima wa karibu mita 1,000, kwa kanieneo, ile nguvu inayobana masikio, ni sawa na mita moja na kitu ya maji. Yaani nilikuwa nashuka Lushoto mara mbili kwa sekunde chache. Dawa yake ni kubana pua na kusukuma pumzi taratibu, mapema, kabla maumivu hayajaanza. Mimi nilisubiri yaanze. Ilibidi nipande kidogo, nibane pua tena, ndipo sikio la kushoto likalia *pwii* likakubali.

Kosa la pili ndilo lililonitia aibu. Tumefika mita nane, nimetulia, napumua, nasikia povu langu linakwenda juu. Mwalimu akaniuliza kwa vidole kama niko sawa. Nami kwa furaha zote nikamwonyesha dole gumba, freshi kabisa! Chini ya maji dole gumba maana yake ni "twende juu". Akanishika mkono, akaanza kunipandisha polepole kwa uso wa wasiwasi, mimi nazidi kumwonyesha dole, naye anazidi kunipandisha. Tulifika juu wote wawili tumekasirika. Mzee nahodha akauliza, "Mmeshamaliza?"

Tuliporudi chini, ndipo nilipomwona pono.

Pono nimemla maisha yangu yote. Soko la Deep Sea wanampanga kwenye meza akiwa amekwisha fifia, kijani kama plastiki kuukuu. Chini kule ana rangi ambazo sina majina yake, tena nikiwa kwenye kina ambacho mkanda wangu mwekundu ulikuwa umegeuka kahawia, kwa kuwa maji huimeza rangi nyekundu kabla ya nyingine. Ana mdomo kama wa kasuku. Anaung'ata mwamba, na unamsikia: kau, kau, kama mtu anatafuna kashata chumba cha pili, ila hujui ni chumba kipi, maana sauti majini inakwenda mbio mno hata sikio lishindwe kujua imetoka upande gani. Anatafuna, anasogea, halafu anaachia nyuma yake wingu la mchanga mweupe. Ule mchanga wa ufukweni tunaoutandikia mkeka siku ya Idi, sehemu yake imepita tumboni mwa pono. Wahenga walimwona usingizi tu, wakatuachia "usingizi wa pono". Kazi yake ya mchana hawakuisema.

Sasa maoni yangu, na najua yatawaudhi baadhi ya watu wa nyumbani.

Tangu 2003 wavuvi wa nchi hii wamekuwa wakimnasa silikanti kwenye majarife ya papa, wengi wao upande wetu wa Tanga. Samaki ambaye hadi 1938, alipopatikana Afrika Kusini, wataalamu walidhani alitoweka pamoja na dinosaria. Mwaka 2009 tukapata Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Vizuri, sina ugomvi naye. Lakini kila ninayemwambia nimepiga mbizi swali lake ni hilo hilo: "Umemwona silikanti?" Sijamwona na sitamwona. Anakaa mapangoni, kwa kawaida mita 100 na zaidi, na mzamiaji mchanga kama mimi mwisho wangu ni mita 18. Tumejifunza kujivunia samaki tusiyeweza kumtembelea, na huyu wa mita nane, ambaye mtoto yeyote mwenye miwani ya maji anaweza kumtazama, hatumjui ila kwa kukaangwa.

Na nadhani ndiyo maana mabomu ya kuvulia samaki yalitusumbua miaka mingi vile. Niliona mahali lilipopigwa. Katikati ya matumbawe, ghafla uwanja wa kijivu, vipande kama kokoto za msingi wa nyumba, hakuna kinachotikisika. Tumbawe lile la mviringo, gumu, hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Aliyerusha baruti aliona samaki wameelea juu. Shimo hakuliona. Kwa hiyo kabla ya semina nyingine ya ukumbini na soda zake, ningenunua miwani ya maji mia mbili nikawagawia watoto wa Mwambani na Kigombe, wa kike kwanza.

Siku ile tulipopanda botini nilimvulia mzee miwani yangu. Akacheka, akasema ameupita mwamba ule miaka arobaini. Nikamwambia, "Babu, chungulia tu, usishuke." Akaivaa, akainama ubavuni mwa boti, akatia uso majini. Akakaa. Akatoa uso, akavuta pumzi, akaurudisha. Mara ya tatu alipoinuka ndevu zilikuwa zinachuruzika.

"Nanga yangu ile pale," akasema. "Iliyokatika mwaka jana. Shuka kanichukulie."

Mwalimu akakataa, mtungi wangu ulikuwa umebaki na hewa kidogo. Mzee akanitazama kama mtu aliyelipiwa ada bure.